Mkalimani wa Mama na Wajina Wake

Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya yake mzaa mama. Hakuna kikao kinachoitishwa wala kubahatisha. Jina lipo tayari, linamsubiri mtoto. Mume wangu si wa kabila letu, lakini jambo hilo alilikubali bila kelele. Kwa hiyo binti yetu mdogo alipozaliwa hapa Eldoret, mama yangu alikuja hospitalini na kiondo cha ndizi na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi. Akambeba mtoto, akamkazia macho, halafu akawaambia manesi, "Mnaniona? Huyu ndiye mimi."

Tangu siku hiyo mimi humwita mwanangu Mama. Kaka zangu nao humwita Mama, wanaume wazima wenye ndevu, wakimnyenyekea na kumletea peremende. Mama yangu yeye alimwita wajina. Na kwetu wajina si mchezo. Ni mtu atakayebaki duniani akiwa wewe, wakati wewe mwenyewe umeshaondoka.

Mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno mawili matatu tulipomchukua na dada yake tukaenda Malawi. Mume wangu ni fundi wa pampu za visima, mimi ni nesi, na kanisa letu lilikuwa likitafuta watu wa kujitolea kwa miaka miwili. Mama alitusindikiza hadi barabarani. "Nendeni mkafanye kazi ya Mungu," akasema, "lakini wajina wangu mnirudishie." Nikamwambia, haya Mama, haya, huku nikihesabu mabegi. Miwili ikawa minne, minne ikazaa mingine. Kila tukitaka kufunga virago, kijiji fulani kilikuwa bado hakina maji, na sisi hatukuwa na roho ya kuwaacha watu wanywe matope.

Sitasema uongo kwamba tuliteseka. Tulifurahi sana kule. Watoto wangu walikimbia peku, walijua kila nyumba, walijua nani anapika nini leo. Siku moja nilimkuta huyu mdogo anatafuna panya wa kuchoma kwenye kijiti, anatabasamu na mafuta kidevuni, wueh, nusura nizimie. Majirani walinicheka wiki nzima. Walimfundisha adabu zao pia: msichana akimwamkia mkubwa anapiga magoti, akimpa kikombe anapiga magoti. Nilijivunia jambo hilo. Nilijiambia wanangu wanalelewa na bara zima.

Ila lugha. Na wenzao waliongea Kichewa, shuleni Kiingereza, na sisi wazazi tuliwajibu kwa Kiingereza ili wasibaki nyuma. Kiswahili tulikiweka kiwe cha mimi na baba yao, cha kupanga mambo na cha kugombana. Lugha ya mama yangu ilibaki yangu peke yangu, na mtu mmoja ataongea na nani?

Basi Jumapili kwenye simu nilikuwa nawapanga mstari nawafundisha vya kumwambia Shosho, yaani nyanya yao, kwa lugha yetu. Habari yako Shosho. Sisi tu wazima. Tumeshakula chakula cha jioni. Wasalimie ng'ombe. Tunakupenda. Huyu mdogo alikuwa na sikio zuri mno, aliyasema kama mtu aliyezaliwa Kiambu, na mama upande wa pili anapiga vigelegele. Nikaja kusikia amewatangazia akina mama wote wa chama chake cha kuweka akiba kwamba wajina wake anaongea lugha kuwashinda watoto waliobaki nyumbani. Nilicheka. Nilimwacha afurahi. Nani ana moyo wa kumvunjia mtu mzima raha yake kwa simu?

Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua. Kaka yangu alipiga simu akasema miguu inavimba, akilala chali pumzi inakata, na anasema neno moja tu: mwambie aniletee wajina wangu nimjue. Hapo hatukungoja mtu atushauri. Tukarudi, tukapanga nyumba Kapsoya, hapa mjini, na wikendi ya kwanza tukaenda kwa mama, upande wa Kesses, ambako ana shamba la mahindi na vyumba vya mabati anavyowapangisha wanafunzi wa chuo.

Tulikuta chama kizima kimekaa uani, vitenge vipya, chai ya maziwa kwenye birika kubwa. Walikuja kumsikia mtoto. Binti yangu, miaka kumi na mitatu na miguu mirefu kama ya korongo, akaenda moja kwa moja mbele ya mama akapiga magoti, yote mawili, kwenye vumbi. "Ngai!" mama akashtuka. "Inuka mwanangu, mimi si askofu!" Akina mama wakacheka. Binti akainuka, akashusha pumzi, akayamwaga yote kwa mpigo: habari yako Shosho, sisi tu wazima, tumeshakula chakula cha jioni, wasalimie ng'ombe, tunakupenda. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Makofi yakapigwa. Mama akamvuta karibu akamwuliza swali, la kawaida tu, kama njiani alitapika. Mtoto akanitazama mimi. Mama akauliza tena polepole. Basi akajaribu Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe nasikia mimi?" Na binti yangu, masikini, akatafuta kichwani Kiswahili chochote alichowahi kusikia nyumbani, akajibu kwa heshima zote, "Wacha hayo maneno, tutaongea baadaye." Sauti ya baba yake kabisa! Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mama naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha nikaona leso haitoki usoni. Wale akina mama wana akili, wakaanza kuongea habari za bei ya mbolea.

Walipoondoka mama aliniita kando. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akasema, "Mimi sina siku nyingi, na wewe nesi unajua. Nataka mtoto huyu anijue na mimi nimjue. Hilo tu. Utakuwa mdomo wetu."

Nikawa mdomo wao. Kila Jumamosi tulikuwa jikoni kwa mama, moto wa kuni, yeye kwenye kigoda, mtoto kwenye gunia, wakichambua maharagwe, na mimi katikati. Mama alipenda kusimulia. Hakuwa mtu wa kufika anapokwenda kwa njia fupi. Akianza na kuku utapitia harusi, msiba na ng'ombe wa jirani ndipo urudi kwa kuku. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilishapata kazi kliniki mjini, wiki nzima nasikiliza wagonjwa, na tangu utotoni sina subira na maneno mengi. Mama anaongea dakika kumi, mimi natoa sentensi mbili. Anasema alikuja huku bado msichana. Anasema mvua ilikuwa nyingi. Haya, endelea Mama.

Kuna siku alisimulia mambo ya mwaka ule wa vurugu za uchaguzi. Sisi ni watu tuliokuja kutoka Kati, kila mtu hapa anajua maana yake, mwaka ule sisi ndio tuliosakwa, na kwetu mambo yale hatuyaongei mbele ya watoto. Mimi mwenyewe mwaka ule nilikuwa Nairobi chuoni, na yeye hakuwahi kunisimulia. Siku hiyo aliamua. Alisimulia jinsi jirani yake, mama wa Kikalenjin ambaye walikuwa wakibadilishana maziwa na mboga, alivyomficha nyuma ya magunia ya mahindi, akakaa mlangoni akiendelea kupukuchua kana kwamba hakuna kitu, vijana wakaja, akawaita mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Aliposimulia mikono yake iliacha kuchambua. Nikamgeukia binti yangu nikasema kwa Kiingereza, "Anasema jirani yake ni mtu mzuri sana."

Binti akanitazama. "Ameongea tangu viazi viwekwe motoni mpaka vimeiva. Hiyo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Mama, unamkata. Kila siku unamkata."

Nikawaka. "Basi jifunze mwenyewe, kama mimi sifai!"

Kwa kweli alijifunza, kichwa kigumu kama wajina wake. Aliwafuata wanafunzi waliopanga pale, wale wanaojua lugha yetu, akawasumbua wamfundishe. Akajua kuni, maji, njoo, kula, moto, keti. Mama alimfundisha kwa kunyoosha kidole na kumchapa mkononi akikosea, wote wawili wakicheka. Waliweza kupika chakula kizima bila mimi. Tukakubaliana shule zikifungwa atahamia kwa Shosho likizo yote, na dada yake na mimi tutakuwa tukipita tu, ili alazimike kuongea. Mama alishamnunulia blanketi. Nami niliona mambo yanakwenda, nikapoa.

Jumamosi moja kabla ya shule kufungwa nilialikwa na kanisa moja mjini nizungumze na vijana wanaotaka kwenda kujitolea nje. Nitakana nini, mimi hupenda kualikwa. Nilimwacha binti na mama, wifi yangu, mke wa kaka, ambaye watoto humwita shangazi, naye akiwa hapo, nikaenda. Niliongea vizuri. Nilisimulia visima, nikasimulia panya, watu wakacheka wakatokwa na machozi. Msichana mmoja aliuliza, na watoto je? Nikajibu kwamba watoto waliolelewa kwenye huduma hupata dunia nzima kuwa nyumbani kwao. Wakanipigia makofi.

Niliporudi jua limeshalala upande, wifi alikuwa ndiyo anaingia na unga kutoka posho mili. Mama alikuwa amelala usingizi, uso umetulia. Binti yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, macho yamevimba.

"Shosho ameongea na mimi," akasema.

"Amesema nini?"

"Sijui. Shangazi alipotoka tu, aliniita nikae hapa. Alinishika mkono akaongea, akaongea. Katikati alicheka. Halafu akalia kidogo. Halafu akanigusa hapa," akajigusa kifuani, "akasema tena. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Nilisikia mvua. Nilisikia mtoto. Mengine yote sijui."

"Si ungerekodi na simu?"

Akanishangaa. "Nitoe simu mtu mzima akiongea nami? Ningeanzaje?"

Hiyo ndiyo adabu niliyojivunia kule. Nikamwambia usijali, kesho nitamwuliza mwenyewe, atanieleza, nitakuambia lote, neno kwa neno, haki ya Mungu sitakata hata moja. Jumapili asubuhi wifi alimpelekea mama uji akamkuta hayupo tena nasi.

Watu walikuja wengi, mpaka wanafunzi wa chuo walichimba kaburi. Na kila aliyefika alisikia kwamba marehemu aliongea na wajina wake siku ya mwisho. Kwetu hayo si maneno ya kupuuza. Kaka zangu walimjia mmoja mmoja, wale wenye ndevu, wakachutama mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. "Mama, alikuambia nini?" Naye akajibu, sijui. Mmoja akadhani anaogopa, akambembeleza. Shangazi mmoja akadhani anaficha, akanuna. Wale akina mama wa chama walimwangalia tu, wakatikisa kichwa, na mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu walinitazama mimi pia.

Wiki iliyofuata tulibaki wawili kuosha masufuria ya kukodi, uani, maji baridi ya Kesses yakitukata vidole. Alikuwa anasugua bila kuniangalia.

"Wewe ni mtoto wake," akasema. "Umemjua maisha yako yote. Huwezi kukisia?"

"Kukisia nini?"

"Alichoniambia. Kitu cha mvua, na mtoto, na anacheka, halafu analia. Ni hadithi gani hiyo?"

Nikaacha kusugua. Nilitafuta, Mungu ni shahidi, nilitafuta kwa moyo wote. Nilimtafuta mama kijana, mama mjamzito, mama kwenye mvua. Nilimpata mama wa kunifunga viatu vya shule, na mama wa kwenye simu akiuliza mtarudi lini. Katikati ya hao wawili hapakuwa na mtu. Nilimwangalia binti yangu na lile paji lake la uso, la mama kabisa, nikamwambia ukweli kwamba sijui.

"Hata wewe," akasema, wala hakuwa anauliza. Akachukua sufuria nyingine.