Kopo la Mama Mukwe

Nimechoka kuchekwa nyuma ya mgongo hapa Kilibula, mjini Uvira, basi leo nawaeleza minye mwenyewe ile aibu ya kopo, muchekee mbele yangu tuimalize.

Munajua nimemchumbia Furaha, na munajua mama yake, kule Mulenge, ndiye anatengeneza fromaji, yaani jibini, ninayouza hapa mjini. Zamani aligandisha maziwa kwa tumbo la ndama, lakini siku hizi ng'ombe zimepunguka, nani atachinja ndama ovyo, ndipo nikamnunulia kopo la unga wa kugandisha huko Bujumbura. Akaniuliza, "Hii nayo ni ya ndama?" Nyuma ya kopo, kwa Kifaransa cha herufi ndogo ndogo, waliandika kwamba unga umetoka kwa ukungu uliobadilishwa mu labo, ndiyo maabara. (Nilisoma, nisiwadanganye na nyinyi.) Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni ya ndama," maana niliona kumweleza mambo ya labo ni kujitafutia kazi.

Sasa agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, akaita wakulima kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, kutufundisha juu ya mikrobe, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, zilizobadilishwa mu labo na zinazotumika mu chakula cha watu na cha mifugo. Mama mukwe akashuka na kitenge kipya, kwa sababu alikuwa ameahidi kwamba baada ya mkutano atatupa tarehe ya ndoa. Akakaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Hivi vitu minye sivitaki mu nyumba yangu."

Ningenyamaza tu, saa hii ningekuwa na bibi. Lakini nilitaka kumfurahisha, nikasimama, nikasema watu wa Uvira hatutakula mikrobe za labo, nikasema fromaji ya mama huyu ni maziwa na ndama basi, watu wakapiga makofi, na minye mjinga makofi yakanipanda kichwani, nikaongeza, "Agronome, kama unabisha, leta ushahidi."

Ushahidi ulikuwa mu sakoshi ya mama. Alikuja na kopo tupu ili nimnunulie lingine, akalitoa kwa furaha (alikuwa anajivunia mukwe wake, masikini), akampa agronome, "Ona, ya ndama ndiyo hii." Agronome akaligeuza, akasoma kwa sauti, mustari kwa mustari. Akaeleza kwamba ule ukungu unafanya kazi kisha unaondolewa, kunabaki kile kinachogandisha tu, lakini nani alimsikia, sale nzima ilikuwa inacheka, mpaka katekista alishika mbavu.

Mama hakucheka. Akauliza kama unga unaua muntu, akaambiwa hauui.

"Basi nitaendelea nao," akasema. Kisha akanigeukia. "Na weye, kama umenidanganya juu ya kopo, mutoto wangu umemwambia nini?"

Akapanda kwao bila kutaja tarehe.

Kudanganya mukwe sirudii tena. Kila Jumamosi nikienda kuchukua fromaji, ananipa kopo mkononi mbele ya majirani, "Soma," nasoma yote, mbele na nyuma. Siku ambayo unga utaharibika naijua kwa kichwa. Siku ya ndoa yangu bado sijaambiwa.