Leso Niliyoifunga Mezani

Mwalimu wa darasa la tatu ana haki ya kuwa na wazimu mmoja. Wangu ni saa. Wenzangu wakitoka shuleni huenda kusukwa nywele. Mimi hurudi nyumbani Malindi kufungua saa mbovu nikazichungulia matumbo. Nimefundishwa na simu tu, na simu, niwaambie mapema, huonyesha mikono ya watu wasiotokwa na jasho.

Kilichonitoa roho ni kutafuta mahali pa kufanyia kazi. Nilianza barazani, kwenye mwanga mzuri, na hewa yetu ya bahari haina adabu: kibano changu kipya kilishika kutu kabla sijakizoea. Nikahamia chumbani. Mume wangu akalalia bisibisi, akaamka na neno moja, "Chagua." Nikachagua meza ya kulia chakula. Niliisukuma hadi dirishani, nikazima pangaboi lisije likapeperusha vidude, na yeye, kwa kuwa huendesha lori la chumvi kutoka Marereni, nikampiga marufuku kuikaribia kabla hajaoga. Siku hizi tunakula mkekani, naye huniuliza kwa ule upole wake wa kuudhi kama saa nazo zimeshiba.

Likabaki tatizo la vitu kuanguka. Skrubu ya saa ya mkononi haifiki hata chembe ya ufuta. Hapo akili ikanijia: nikatandaza leso yangu, kanga ya kushindia, mezani, nikaikandamiza kwa sinia ninalofanyia kazi, halafu pindo la upande wangu nikajifunga kiunoni. Kitu kikiponyoka, kinatua mapajani. Nilijiona fundi wa mafundi, wala sikujificha. Nilipiga picha nikawatumia walimu wote.

Sifa zilimfikia hata mavyaa, mama wa mume wangu, kule kwake Gede. Akaja na saa ya marehemu mumewe imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa imesimama miezi michache baada ya mazishi, na fundi wa pale stendi alimwambia aitupe.

"Fundi gani huyo?" nilisema, mdomo ukinitangulia kama kawaida yake. "Niachie mimi, mama. Jumamosi utaikuta inatembea."

Akaniwekea saa kiganjani. "Sina kingine chake," alisema. "Nguo tuligawa."

Usiku huo sikulala vizuri, nakiri.

Jumamosi asubuhi saa ilikuwa wazi mbele yangu. Haikuwa na ugonjwa wa ajabu, ila mafuta yaliyokauka yakawa gundi. Nilisafisha kila kipande, nikavipanga kwenye sinia kwa kufuata picha niliyoipiga kabla ya kuifungua. Bado kuirudisha tu. Nikasikia, "Hodi hapa."

Sasa muelewe. Mavyaa wangu aliwahi kununiana mwezi mzima na mke wa shemeji yangu kwa sababu alimwamkia ameketi. Mtu mzima yuko mlangoni, nawe uko kitini? Miguu yangu iliinuka kabla sijaiuliza. "Shikamoo, ma—" Leso ilikuwa kiunoni, nayo ikaja nami, na sinia likaja na leso. Vipande vya saa ya mzee vilimiminika sakafuni na juu ya mkeka mbele ya miguu yake.

Nililia. Sikulia kilio cha heshima. Nililia na kamasi, mbele yake, nikisema nimeiua saa ya baba.

"Marahaba," alijibu mavyaa, maana salamu ni salamu. Kisha akavua viatu. "Usisogeze mguu. Ungo uko wapi?"

Nikamwonyesha jikoni kwa kidole. Alikuja nao, akapiga magoti, akazoa sakafu nzima kwa ubapa wa mkono, akaukung'uta mkeka, akavimwaga vyote ungoni. Akaanza kupepeta, pole pole, kama mchele wa wageni. Vumbi likatoka. Mchanga ukaenda mbele, vizito vikabaki nyuma. Huyu ni mtu anayeitazama simu kwa kuinyooshea mkono mzima, lakini vidole vyake vilikuwa vinaokota vitu nisivyoviona hata kwa kioo changu cha kukuzia.

"Chuya," alisema, akaweka skrubu kwenye kisosi. "Chuya. Hii ni punje ya wali, hamfagii? Chuya."

Nilihesabu nikiangalia picha. Ikapungua skrubu moja. Alirudia sakafu yote, hakuna. Akaniangalia mimi niliyekuwa bado nimesimama kama mlingoti.

"Fungua hiyo leso."

Ilikuwa kwenye mkunjo wa kiuno. Leso ilifanya kazi yake, jamani. Mwenye makosa nilikuwa mimi.

Nilikaa nikaiunga hadi adhuhuri. Mavyaa alikaa pembeni yangu bila pangaboi, jasho likimtiririka. Gurudumu lilipoanza kucheza nilifunga mfuniko, nikamuuliza niitegeshe saa ngapi.

"Iache. Saa sijui kuisoma."

Akaiweka sikioni, akafumba macho. Nilidhani anaikagua kazi yangu.

"Alikuwa akiniwekea mkono chini ya kichwa," alisema. "Miaka yote ile nimelala nikiisikia hii. Tangu inyamaze sijapata usingizi wa maana."

Niliushika mkono wake, nao ulikuwa bado na vumbi la sakafu yangu.

Jioni mume wangu alikuja kumpeleka stendi. Mavyaa alipofika mlangoni, saa ilikuwa mkononi mwake, kubwa mno, imeteremka hadi kwenye kiganja. Nikaanza kuinuka nimsindikize.

"Kaa," alisema mavyaa. "Na siku nyingine ukisikia hodi yangu, niamkie hapo hapo kitini."