Betri Chini ya Kiti

Kaka yangu, wa tumbo moja, gereji nzima ilimwita Amelala. Kila gari likiletwa, yeye ndiye aliyefungua boneti, akachomoa waya wa betri, akaufunga kitambaa, kisha akapaza sauti: "Amelala!" Magari kwake yalikuwa watu. Kabla ya neno hilo hakuna fundi aliyegusa kitu, na baada yake hakuna aliyeuliza. Wateja walimtania kwamba angeweza kumlaza hata mama mkwe wake. Mume wangu, fundi wa injini, aliishi na sheria hiyo tangu kabla hajanioa.

Mimi nauza vipuri kwenye kibanda kinachotazamana na gereji, kwa hiyo siku ile niliona yote.

Gari lilivutwa likaletwa, jipya, refu, jeusi, la aina ambayo hawakuwahi kuifungua. Lilitakiwa kubadilishwa starta, ile mota ya kuwashia injini. Kaka akafungua boneti, akakuta betri ndogo imejibanza pembeni. "Ligari lote hili na kibetri kama kiberiti!" akacheka. Alipaswa kujiuliza hapo hapo. Kaka yangu ana akili, lakini ni mwepesi wa kucheka asichokijua, na tabia hiyo inaniudhi hadi leo. Akachomoa waya.

"Amelala!"

Mume wangu akatandika kadibodi, akajisukuma uvunguni na spana yake. Pete ya ndoa ilikuwa kidoleni, mkono wa kulia, ule wa spana. Mafundi huambiwa wavue. Yeye alidai haitoki tena kwa sababu nampikia vizuri mno.

Ndipo nikaiona ile taa. Nukta nyekundu juu ya dashibodi, ikiwaka na kuzima, taratibu, kama kitu kinachopumua. Machale yakanicheza.

"Kaka, mbona kile kitaa bado kinawaka?"

"Umeme uliobaki huo. Utakwisha."

"Una hakika?"

"Uza vipuri, mama. Gari niachie mimi."

Haukwisha. Nikamhudumia mteja, nikatazama tena: inawaka. Kila mtu aliendelea na kazi yake kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikavuka barabara. Kaka aliponitazama usoni, kicheko kikamwisha. Akaenda nyuma, akabonyeza kitufe cha buti.

Buti likafunguka lenyewe, polepole, bila hata kelele.

"Mwite atoke!" nikasema.

"Ngoja kwanza niione hiyo betri nyingine."

Hakuwahi kulirudisha neno lake, na hakutaka kulirudisha kwa kubahatisha. Akainua zulia la buti: tairi la akiba tu. Akakimbilia mlango wa mbele, akasukuma kiti cha abiria hadi nyuma, akang'oa zulia. Chini yake palikuwa na kifuniko. Akaanza kufungua skrubu zake.

Mimi nilipiga magoti, nikamshika mume wangu mguu. "Toka! Gari bado lina umeme!"

Nikamsikia akicheka kule chini. "Wewe nawe! Si kaka yako amesema amelala?"

Kifuniko kikatoka. Betri ilikuwa pale, kubwa, nyaya zake zote zimekazwa. Kaka akapiga ukelele usio na neno lolote ndani yake, na wakati huo huo spana ikageuka kwenye waya mnene wa starta, pete iliyogusana nayo ikagonga chuma cha gari.

Palitoka mwanga mweupe, kisha harufu ambayo sitaki kuieleza. Hospitali walikata pete kwanza. Kidole wakakikata baadaye.

Mume wangu amerudi kazini. Kaka bado ndiye anayetangulia kwenye kila gari, hata pikapu kuukuu ambazo kila mtu anajua zina betri moja. Huinua viti, huvua mazulia, hulala chini na tochi, na wateja hulalamika kwamba anawachelewesha. Nampenda, na bado nina hasira naye. Vyote viwili kwa pamoja.

Mume wangu humsubiri kando, spana ikiwa mkono wa kushoto.

"Shemeji," humuuliza kwa upole, "tuanze?"

Na kaka yangu, ambaye hakuwahi kubishiwa, humjibu, "Sijui."