Waliniita Mchawi Kisa Mipira Myeupe Kwenye Kamera

Asubuhi moja, kabla hata sijapiga mswaki, mume wangu alinisogezea simu usoni.

"Tazama kilichopita sebuleni kwetu tukiwa tumelala."

Nikatazama.

Sebule ni yetu. Kochi letu, meza yetu, viatu vya mwanangu vimetupwa pale pale ninapomkataza kuvitupa. Halafu juu ya kochi ukapita mpira mweupe. Duara kabisa, unang'aa, ukubwa wa chungwa. Ukafuata mwingine. Kisha likaja kundi zima, mipira inaelea taratibu kama wageni wanaotafuta pa kukaa.

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Mimi ndiye nikuulize wewe."

Jibu hilo lilinipita. Nilikuwa na haraka ya kuandaa watoto.

Niwaweke sawa kwanza. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina stashahada ya kilimo, na riziki yangu ni miche. Nina banda langu, nauza miche ya nyanya, pilipili hoho, mipapai. Mume wangu anatengeneza runinga na simu. Hajasomea, lakini mtaa unamwita Injinia na yeye anaitika. Kamera aliifunga mwenyewe, juu ya mlango wa kuelekea vyumbani, baada ya jirani kuibiwa. Picha zinaingia kwenye simu yake na yangu.

Humo ndani alikuwepo pia wifi yangu, dada wa mume, aliyekuja kututembelea akasahau kuondoka. Alilala chumba cha watoto, cha wageni alisema kina joto. Tunamwita Redio. Ukimwambia siri jikoni, ukifika getini unaikuta inakusubiri.

Sasa mwonyeshe Redio video ya namna ile.

Chai haijapoa, ukoo mzima umeshaiona kwenye kundi la familia. Chini yake ameandika: "Nyumba ya kaka ina wenyewe. Tuombeane."

Mipira ikaja tena siku nyingine. Na nyingine. Mume wangu akahamia chumba cha wageni.

"Usinielewe vibaya, mke wangu," akasema huku amekumbatia mto. "Sipati usingizi karibu na wewe."

"Karibu na mimi, au karibu na sebule?"

Akafunga mlango.

Maneno yakaanza kunizunguka. Kwamba mipira haikuwepo kabla sijaanza kurudi na vifuko vyangu vya mbolea. Kwamba biashara yangu inakwenda vizuri mno kwa mtu anayeuza majani. Mama mkwe, aliyekuwa akinipigia kila jioni kuniuliza nimekula nini, akaacha kupokea simu zangu.

Yote hayo niliyameza. Ngozi yangu ngumu.

Lakini siku moja binti yangu alirudi shule kola imechanika.

"Nani kakufanya hivi?"

"Walisema nisiwaguse, nitawaachia mizimu. Mmoja nikamgusa makusudi."

Nikamwuliza mizimu wameitoa wapi.

"Shangazi alimwonyesha video mama wa mmoja wao." Akanitazama chini chini. "Mama, unayo kweli?"

Mwanangu. Niliyemzaa mwenyewe. Ananiuliza mimi kama nafuga mizimu.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nikasema, sawa. Anayecheza na jina langu mbele ya mtoto wangu nitamlipa, na nitamlipa kwa riba.

Jioni hiyo hiyo Redio akanipa taarifa, anakata kucha zake kwenye kochi langu.

"Wifi, Jumapili kuna kikao hapa. Baba Mkubwa, mzee wa ukoo, anakuja. Watoto wataenda kwa bibi yao mpaka nyumba isafishwe. Wewe utapumzika kwenu kidogo."

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Aa, wifi, mambo ya wakubwa hayo."

Kupumzika kwetu! Nyumba ambayo nusu ya matofali yake yametokana na miche yangu. Mke akitoka nyumbani kwa jina la uchawi, nani atauliza habari ya nyumba? Nani atamrudishia watoto?

Kesho yake sikwenda bandani. Watu walipotoka, nikafunga mapazia yote, nikaziba dirisha kwa blanketi, sebule ikawa giza. Nikafungua kamera kwenye simu. Nikakung'uta zulia.

Mipira ikajaa simu yangu yote! Mikubwa, midogo, inaelea kwa adabu zake zote.

Vumbi, jamani. Kamera ikiwa gizani inawasha mwanga wake ambao macho hayauoni, na chembe yoyote inayopita karibu na kioo inang'aa na kuvimba kama mwezi. Ukoo mzima unaniogopa kwa ajili ya vumbi.

Ila nami nafagia sebule yangu kila siku. Vumbi la kundi lile lingetoka wapi?

Nikapanda kiti, nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, chini ya kamera. Kikarudi cheupe. Nikanusa.

Poda ya watoto.

Nyumbani kwangu hakuna mtoto wa kupakwa poda. Nikapekua kila chumba, mwisho stoo. Nyuma ya makopo ya rangi nikakuta chupa laini ya plastiki, ile ya kuminya, yenye mdomo mwembamba. Imejaa poda.

Kumbe mtu husimama chini ya kamera, pale isipomwona, anaminya chupa kuelekea juu, poda inaelea mbele ya kioo, kisha anakwenda zake kulala. Asubuhi tunasomewa taarifa ya mizimu.

Nani kwetu anajipaka poda shingoni kila siku ya Mungu, kama andazi lililomwagiwa unga? Redio.

Nikacheka peke yangu stoo. Sikuirudisha chupa ile vilevile, hapana.

Nyuma ya banda langu kunaota upupu. Naufyeka, unaota. Safari hii niliushukuru. Nikavaa glavu, nikajifunga kitambaa puani, nikakwangua manyoya ya yale maganda taratibu, nikayachanganya na poda, nikairudisha chupa nyuma ya makopo ya rangi. Asiyeujua upupu amwulize aliyewahi kuugusa. Hutasahau mpaka unaingia kaburini.

Ushahidi mpya lazima ungetengenezwa kabla ya kikao. Hivyo Jumamosi nikawapeleka watoto kwa rafiki yangu, nikalala usingizi mtamu sana.

Jumapili asubuhi video iko kwenye kundi. Mipira tele, haijapata kuwa mingi hivyo.

Nikavaa glavu, nikapiga deki kwa maji mengi pale mlangoni, upupu usimnase mwingine. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kuwachukua wazee. Nikakaa kumsubiri Redio atoke chumbani huku anajikuna kama mbuzi mwenye ukurutu.

Akatoka. Amependeza. Shingo imetulia na poda yake.

"Wifi, umeamkaje?"

Nilikuwa namkagua mikono. Laini kama ya mtoto mchanga. Nikaanza kujiuliza kama nimekwangua maganda ya kunde.

Alasiri sebule ikajaa. Baba Mkubwa kwenye kiti changu, mama mkwe pembeni yake, mashemeji ukutani. Mume wangu akaingia wa mwisho. Joto lote lile, yeye amevaa koti, amelifunga vifungo mpaka kidevuni.

Nikamtazama.

Akajikuna shingo. Kiganja. Kiuno. Akaegemea ukingo wa mlango, akausugua mgongo juu, chini, juu, chini.

Siyo Redio. Ni yeye. Mwanamume niliyemzalia watoto wawili, ambaye nampigia pasi mashati.

"Mbona huyu hatulii?" mama mkwe akauliza.

Mume wangu akavua koti, akakunja mikono ya shati. Vilio vikasikika. Ngozi imevimba, nyekundu, imechanwa na kucha.

"Mnaona?" akasema. "Nimeoga mara mbili, ndiyo inazidi. Mizimu yake imeanza kunila mimi. Mtoeni huyu mwanamke kabla hajaniua!"

Shemeji mmoja akasimama, akasogea mbali nami. Mama mkwe akaanza kulia. Baba Mkubwa akavua miwani.

"Mkwe wetu," akasema polepole, "una la kusema?"

Mtego wangu mwenyewe umegeuka kuwa ushahidi dhidi yangu. Ningesema nimetega upupu, wangesema basi umekubali kwamba umemdhuru.

"Sina maneno mengi, Baba Mkubwa," nikasema. "Nina kitu cha kuwaonyesha."

Nikaenda stoo. Nikaileta sebuleni ile chupa, nimeishika kwa kitambaa, nikaiweka mezani mbele ya mzee. Sikueleza chochote.

"Ni nini hii?"

"Poda tu, Baba. Nimeikuta ndani ya nyumba."

Mzee ni mtu wa kupenda kujua. Akanyoosha mkono, ameshakaribia kuigusa.

"Usiiguse hiyo, Baba!" mume wangu akapiga kelele.

Mkono wa mzee ukabaki hewani.

Redio ndiye aliyedaka, na namshukuru mpaka leo.

"Kaka," akasema. "Kama ni poda tu, umejuaje isiguswe?"

Injinia akarudi kwenye ukingo wa mlango. Akajikuna.

Hapo ndipo nikasimama nikaeleza. Nikafunga mapazia, nikaziba dirisha, nikamwomba shemeji akung'ute zulia mbele ya kamera, wote wakaona mizimu ya vumbi kwenye simu yangu. Kisha nikawaambia habari ya upupu, bila kuficha.

"Nilimtegea mpuliza poda," nikasema. "Aliyenasa mnamwona."

Redio akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Ndiyo maana! Kuna dada mmoja ameanza kunipigia simu ananiita wifi. Namwuliza wifi wa wapi, anacheka. Kaka akasema ni mteja, ana runinga mbovu!"

"Nyamaza wewe!" mume wangu akafoka.

"Ninyamaze nini? Umenifanya spika ya uongo wako!"

Basi yakatoka yote. Alitaka kumleta huyo dada ndani. Kunifukuza bila sababu hakuweza, maana mama yake angesimama na mimi. Akanitengenezea sababu.

Mama mkwe aliinuka, akaja kukaa upande wangu wa kochi.

Injinia akapiga magoti. Msidhani ni toba, ni upupu.

"Mama watoto, nakufa. Wewe umesoma haya mambo. Nipe dawa."

"Dawa ninayo. Na tangu asubuhi umekosea, maji yanausambaza tu. Lakini dawa ina masharti."

Nikampigia rafiki yangu amlete binti yangu. Wakati tunasubiri, nilikaa nimekunja nne nikamwangalia anavyojikuna. Sitawadanganya. Nilifurahi kila dakika.

Mtoto alipoingia, nikasema, "Mwambie."

Akajaribu kunong'ona.

"Kwa sauti. Redio, rekodi."

"Mama yako si mchawi," akasema huku anajisugua bega kwenye mguu wa meza. "Ni mimi nilikuwa napuliza poda. Nisamehe, mwanangu."

Binti yangu akamtazama.

"Na kola yangu?" akauliza.

Nikamrushia Injinia mfuko wa majivu ya jikoni ajisugulie huko nje, pamoja na begi lake. Baba Mkubwa alikubali: nyumba na watoto vibaki kwangu, yeye akatafute pa kulala.

Video ikaenda kwenye kundi la familia kabla hajafika getini. Na kwa mama yule wa shuleni.

Mnadhani alikimbilia kwa yule dada? Ndiko alikoelekea, begi begani. Ila Redio alimtangulia kwa simu.

"Wifi yangu kipenzi," alimwambia, nami nimekaa naye kochi moja nasikiliza, "huyo anayekuja kwako ana ugonjwa wa ngozi. Hospitali bado hawajaupatia jina. Mpokee kwa moyo mmoja."

Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli, na majirani wanamchungulia madirishani huku wakiita watoto wao waingie ndani.

Aliomba kurudi. Nilimjibu sipati usingizi karibu na yeye.

Akina mama wenzangu, siku mtu akikuonyesha jini ndani ya nyumba yako, usipoteze muda kumtazama jini. Uliza yeye anayekuonyesha alikuwa amesimama wapi.