Basi la Kwenda Kazini Nyumbani

"Ville! Ville! Ville!" Sauti ya kondakta akiita wa kwenda mjini bado iko masikioni mwangu, jinsi ilivyopasuka asubuhi pale kituoni kwetu Ruashi, mbele ya meza ya vitumbua ya mama yangu.

Mwaka ule mgodi ulikuwa umefukuza watu na kituo kikakauka. Halafu mnara wa intaneti ya kasi ukasimamishwa nyuma ya kanisa, na waliojua Kifaransa kizuri wakapata kazi ya kujibu simu za watu wa Ulaya, kila mtu sebuleni kwake. Tukashangilia! Mimi nilishaanza kuota meza ya pili. Kumbe anayefanya kazi sebuleni hanunui vitumbua vya njiani.

Aliyetuokoa kwanza ni jirani yetu, karani wa zamani wa mgodi, naye sasa alikuwa akijibu simu sebuleni. Kwetu, mwanaume akishinda nyumbani, avenue nzima, mtaa wote, inasema amefukuzwa. Basi asubuhi alivaa viatu, akabeba begi, akaja kituoni.

"Unaenda wapi, papa?" mama akamuuliza.

"Niko naenda ku kazi, mama."

"Na kazi iko wapi?"

"Ku nyumba."

"Sasa huku unatafuta nini?"

"Eh, mama! Mutu atafika namna gani ku kazi bila kutoka?"

Akanunua vitumbua, akapanda. Dereva akazunguka mtaa, akamshusha kwenye geti lake mwenyewe. Baada ya wiki basi lilikuwa likijaa watu wa kwenda nyumbani kwao, na mama anakaanga huku akiimba.

Haikudumu. Kazi ya kompyuta ikageuka heshima. Wanaume wale wale wakaanza kuacha madirisha wazi makusudi, tuwasikie wakijibu simu kwa Kifaransa. Basi likakosa abiria, likahamia njia nyingine. Mama akabaki kituoni na beseni limejaa, jioni tukala vitumbua badala ya bukari, ugali wetu.

"Mama, tuweke meza karibu na madirisha yao."

"Miye siko muombaji. Mutu wa kuuzisha hafuate bantu ku manyumba yao."

Alisema hivyo bila hata kuniangalia, akikunja kitambaa cha meza kama mtu anayefunga duka moja kwa moja.

Kesho yake alienda misa. Nikakaanga, nikajitwika meza, beseni mkononi, nikaisimamisha chini ya dirisha la jirani. Ndani alikuwa kwenye simu akimfariji bibi mmoja wa Ulaya kuhusu mashine yake ya kufulia iliyoharibika. Nikaweka kitumbua cha moto kwenye ukingo wa dirisha, nikagonga taratibu. Bila kukatiza Kifaransa chake, akanyoosha mkono, akakichukua, akaacha pesa ukingoni.