Nyumba Zote Ziangalie Barabara

Kabla ya reli kufika, mtaa wetu hapa Mpanda haukuwa mtaa. Zilikuwa nyumba chache za tope katikati ya miombo, kila moja imeelekea kwa ndugu. Mlango wangu ulitazamana na wa mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kila asubuhi alifungua, akakaa kizingitini na kuuliza, "Nyie mmeamka?" Hakuna aliyeshika jembe kabla ya kumwitikia. Na siku akichelewa kufungua, uliacha kila kitu ukaenda kumtazama.

Kisha treni ikaja, ikatushushia ustaarabu kwa mabehewa. Wanaume waliozoea kupanda miti kurina asali wakaanza kukwepa vumbi, wasichafue viatu. Siku ya treni mtaa mzima ulivaa nguo za Jumapili, ukaenda stesheni kupokea wageni wasiokuwa wao. Mume wangu alipata kazi ya kusukuma vigari vya mawe mgodini. Mwezi haukuisha, akawa anazungumzia kwao Kasekese kama mtu aliyewahi kupita huko safarini.

Ndipo akaja bwana afya na kamba na vigingi. Akatangaza kwamba nyumba zote ziangalie barabara. Barabara yenyewe ilikuwa alama mbili za magurudumu ya lori la mgodi, na mbuzi amelala katikati. Kilichokuwepo cha kuangalia hatukuambiwa.

Mume wangu alitii kuliko alivyoagizwa. Alitengeneza mlango mpya wa mbao za masanduku, akaupaka rangi ya kijani. Kila lori likipita, vumbi liliingia moja kwa moja hadi kwenye uji, naye akafuta kijiko chake bila kulalamika, bwana wa mjini. Mlango wa zamani akauziba kwa matofali. Hilo bwana afya hakulisema. Ilikuwa akili ya mume wangu mwenyewe.

"Tuko mjini sasa," aliniambia. "Nyumba haiwi na matundu kila upande kama shimo la panya."

Mama mkubwa alikataa kugeuza mlango wake. "Niangalie nani huko? Lori?" Bwana afya akamwacha. Alisema kibanda kile kitaanguka chenyewe.

Basi mama mkubwa akabaki anatazamana na ukuta wetu. Asubuhi alikaa palepale na kuuamkia ukuta, "Nyie mmeamka?" Nami nikaitikia kutoka ndani, "Tumeamka, mama. Shikamoo." Majirani wapya walicheka sana. Mume wangu aliona aibu, na mimi nilimchukia kwa aibu ile.

Asubuhi moja malori yalipita kwa msururu, yakiunguruma hata sufuria zikatikisika. Sikusikia salamu. Nikajiambia ni kelele tu, nikaendelea kufagia vumbi. Jua lilikuwa limepanda sana nilipozunguka nyumba kumpelekea uji. Nilimkuta ameanguka kizingitini, uso umeelekea kwetu.

"Nimewaita," alisema kwa shida. "Ukuta wenu mgumu."

Tulimbeba hadi kitandani. Mume wangu alichukua sululu, akaanza kubomoa matofali yake mwenyewe, na vumbi lile halikumsumbua. Nilikaa na mama mkubwa nimemshika mkono, tukisikia ukuta unavyopigwa. Alitabasamu kidogo, akaniambia nimwambie mwanaume huyo asijiumize. Alikata roho tundu likiwa bado halitoshi kupitisha mtu.

Tulipomaliza kuzika, nilidhani mume wangu ataliziba tena. Hakuliziba. Kesho yake niliamka nikamkuta amesimama kwenye lile tundu, amevaa nguo za mgodini, anatazama mlango uliofungwa ng'ambo ya ua.

"Shikamoo, mama," alisema, akangoja aitikiwe.