Upande wa Pili wa Kanda

Jamani, kuna aibu mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu ilisikilizwa na mtaa mzima wa Mutsamudu, tena kwa betri mpya, kwa hiyo hata nikitaka kuificha leo nitaificha wapi. Bora niiseme mwenyewe. (Na nyie mnaocheka kabla sijaanza, subirini kwanza.)

Ilikuwa mwaka ule kisiwa chetu cha Nzuani kilipotangaza kujitenga na Komori, kikitaka kurudi kwa Mfaransa. Mimi Mnzuani, mwalimu wa sayansi Moroni, kisiwa cha Ngazija, nimeoa Mngazija, na kama mila yetu ilivyo naishi nyumbani kwa mke. Simu za kwetu zilikuwa zimekatwa, ndege leo zipo kesho hazipo, na kule Mutsamudu yuko mama yangu, macho yameshaingia mtoto wa jicho, na binti yangu Nasra amezaliwa hadi akafika miezi minane bibi yake hajamshika. Nikienda sokoni kununua ndizi naulizwa, wewe wa kwetu au wa kule, nami nacheka kicheko cha mdomoni, nalipa, naenda zangu.

Sasa, jioni nilikuwa na mchezo wangu mmoja wa kijinga. Nasikiliza habari za dunia, halafu nachukua redio kaseti najirekodi, najifanya mtangazaji, natoa maoni yangu kwa wakubwa wote wa ulimwengu ambao hakuna hata mmoja aliyeniomba maoni. Mke wangu Eshati alikuwa akisema hiyo ndiyo redio pekee isiyo na msikilizaji. Alikosea, kama mtakavyoona.

Siku moja mchana Bi Zaliha, mama mmoja mwuza vitambaa, akatuma mtu kuniambia kwamba amepata chombo cha kwenda Mutsamudu, anaondoka alasiri, kama nina barua nipeleke. Barua yetu ni kanda, maana mama haoni, asome nini. Kanda tupu sina. Nikachukua moja ya zile za mchezo wangu, nikarekodi upande wa kwanza: salamu, dua, Eshati akimsalimia mkwewe kwa adabu zote, Nasra akilia kidogo ili bibi yake amsikie. Upande wa pili nikauacha ulivyo, muda hakuna, nikasema nani ataugeuza.

Nani ataugeuza! Na mimi mtoto wa Mutsamudu, nimekua najua kwamba kwetu kanda ya msafiri haisikilizwi na mtu peke yake. Upande wa kwanza ni wa nyumba. Upande wa pili ni wa majirani, kila mmoja anasalimiwa kwa jina lake, na ukimsahau mtu utanuniwa mpaka Idi ije na ipite. Watu huja wamevaa vizuri, hunywa kahawa, huvumilia upande wa kwanza kwa heshima tu, wakisubiri wao.

Siku chache baadaye ndege zikafunguliwa ghafla, tukapata nafasi, mimi na Eshati na mtoto. Tukashuka uwanja wa ndege wa Wani siku ya Ijumaa, tukafika mjini watu wametoka msikitini. Naingia kichochoro cha kwetu, Nasra mkononi, nasikia sauti yangu.

Niliona fahari, kusema kweli. Mlango umejaa watu hadi nje, wote wametupa mgongo, kimya, wananisikiliza mimi. Nikamwambia Eshati, ona, hawajanisahau. Eshati akatega sikio, akanishika mkono, akaniambia, "Hii siyo ile tuliyorekodi pamoja."

Ulikuwa upande wa pili. Nilikuwa natangaza habari ya yule kondoo wa Ulaya, mnamkumbuka, aliyetengenezwa na wataalamu kutoka kwa kondoo mwenzake, dume halikuhusika. Na maoni yangu yakafuata: kondoo huyu amezaliwa bila baba wala halalamiki, lakini sisi Nzuani baba tulikuwa naye, tukamfukuza wenyewe, leo tunapandisha bendera yake juu ya mapaa kumwita Mfaransa arudi. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikaanza kutafuta mahali pa kupita, lakini Eshati yuko nyuma na mzigo, na mbele watu.

Kisha nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba sasa tumgeukie mjomba wangu Bakari.

Mjomba Bakari ni kaka yake mama, fundi cherehani. Baba yangu aliuawa Majunga, kule Madagaska, wakati wa ghasia dhidi ya Wakomori, nikiwa na miaka mitano, na tuliporudishwa Komori mjomba ndiye aliyenibeba kutoka chomboni. Akanilea, akanisomesha, akanipeleka hadi Unguja nilikopata Kiswahili hiki. Huyo ndiye niliyemsema. Nilisema fundi mzima amejishonea bendera ya Mfaransa kwa masalio ya vitambaa, bluu ya sare za shule, nyeupe ya shuka, na nyekundu imechuja mpaka imekuwa ya waridi, Mfaransa mwenyewe akiiona atadhani ni nguo ya mtu imeanikwa.

Watu wakacheka, hawakuweza kujizuia. Nikaomba betri ziishe. (Baadaye niliambiwa betri zilikuwa haba mjini kuliko sukari, na mjomba ndiye aliyezitunza mpya za tochi yake kwa ajili ya sauti yangu. Msiniulize nilijisikiaje.)

Hapo ndipo Nasra alipolia. Watu wakageuka wote, wakaniona nimesimama mlangoni mdomo wazi. Jirani mmoja akanyoosha mkono azime redio. Mjomba, aliyekaa mbele kabisa katika kanzu yake ya Ijumaa, akasema, "Iache. Mwanangu hajamaliza."

Basi ikaendelea, nami nimesimama mbele ya sauti yangu. Nilikuwa nimesahau kilichofuata. Nilisema, wataalamu hao kama kweli wana uwezo, wamwache kondoo, waje wamfanye mama yangu awe wawili, mmoja abaki Mutsamudu na mmoja aje Moroni amshike mjukuu wake, maana mimi siasa siziwezi, nimechoka kuulizwa ni wa wapi. Halafu sauti ikakatika, na kanda ikabaki inazunguka na mtu anavuta makamasi.

Hakuna aliyecheka tena. Mama akanyoosha mikono upande uliotoka kilio cha mtoto, nikapita katikati ya watu nikampa Nasra. Akampapasa uso, masikio, vidole vyote. Alisema tu, "Mimi mmoja nitatosha, mradi mniletee huyu."

Mimi nikapiga magoti mbele ya mjomba, nikaomba radhi, makamasi yangu safari hii si ya kwenye kanda. Kisha akasema, polepole, kama anayeeleza kazi ya mteja:

"Ile nyekundu ni blanketi nililokufunikia tulipotoka Majunga. Sikuwa na nyekundu nyingine. Nilisikia Wafaransa wakirudi watakuja na daktari wa macho."

Akaniwekea mkono kichwani, akasema radhi ninayo, niinuke, majirani hawajapata salamu zao. Nikainuka, nikawasalimia mmoja mmoja kwa jina, mtu mzima nimefura macho, wala sikumsahau hata mmoja.

Tulikaa siku nne. Siku ya kuondoka mjomba alitukuta nje na kifurushi: kitambaa cha waridi, amekifumua, amekikunja pindo upya, cha kumfunikia Nasra kwenye ndege. Nikatazama juu ya paa. Bendera ilikuwa bado inapepea, bluu na nyeupe peke yake, na jirani mmoja aliuliza hiyo sasa ni ya nchi gani. Mjomba akamjibu hata yeye hajui, lakini imeshonwa vizuri.

Utangazaji nimeacha. Habari zikija nazisikiliza mdomo nimefunga, na kila kanda niliyopeleka nyumbani tangu siku ile, upande wa pili nimeanza na jina la Mjomba Bakari, hata mwaka huu ambapo hayupo tena wa kuusikiliza.